Kengele Ndani ya Sanda

Nyumba ya Nassoro ina ufa. Unaanzia chini ya bati, pale popo wanapoingilia, unateremka ukutani kama mlevi anayetafuta kwake, unapita juu ya mlango wa mbao aliouacha babu yao mfanyabiashara, halafu unazama udongoni. Ukitia mkono unaingia mpaka kiganja. Nassoro alisema ufa unakua. Dada yake, Mwanahamisi, alisema kitu kimoja tu kinakua ndani ya nyumba hii, nacho ni uvivu wa kaka yake, maana simenti inauzwa barabarani na yeye ana miguu miwili.

Mimi naitwa Léon. Kwangu ni pale mfuko wangu ulipo. Nimelala Bangboka nikibeba mizigo ya watu wa ndege, nimelala Opala nikishusha magunia ya mpunga, nimelala juu ya mitumbwi mpaka mgongo wangu ukachukua umbo lake. Shule niliipata vipande vipande. Mapadri walinifundisha mwaka mmoja na nusu, kisha baba akahama. Chuoni kwa Waislamu nilifika nusu ya herufi, kisha nikahama mwenyewe. Kwa mapadri nilisoma pia nusu ya kitabu kimoja cha kutisha. Kilikuwa na nyumba kubwa yenye ufa, mgonjwa asiyependa mwanga, mvua isiyokatika, na mtu ndani ya sanduku ambaye hajafa vizuri. Nusu ya pili mchwa walikula. Miaka sitini nimezunguka bila kujua mwisho wake.

Kwa hiyo siku nilipofika kwa Nassoro, mtaa wa Tshopo hapa Kisangani, nikaona ule ufa, nikaona madirisha yamefungwa saa nne ya asubuhi na jua liko nje, nilijiambia: Léon, umefika kwenye nusu ya pili.

Yeye ndiye aliyeniita. Alinitumia sauti kwenye simu ya mfanyabiashara mmoja kule Opala. Ilikuwa fupi: “Léon, kuja mbio. Niko karibu kufa, na siko na haraka ya kuzikwa.”

Nilimkuta kwenye kiti cha babu yake, shuka mpaka kidevuni. Zamani alikuwa fundi wa kushona, kanzu zake zilivaliwa mpaka Isangi. Sasa alikuwa na rangi ya mshumaa na vidole virefu kama mishikaki. Nyuma ya nyumba mto unanguruma usiku na mchana, na madirisha yakifungwa unausikia kama mtu mkubwa anayekoroma chini ya sakafu.

“Léon, weka sikio hapa. Inapiga?”

“Inapiga.”

“Kweli kweli?”

“Inapiga kama mashine yako ya kushona. Uzi tu ndiyo hakuna.”

Hofu yake haikuwa ya kufa. Kufa, alisema, hata wajinga wanaweza. Hofu yake ilikuwa kuzikwa kabla. Na hofu hiyo mimi niliijua, maana nilikuwepo ilipozaliwa.

Miaka arobaini iliyopita tulikuwa juu ya mto Lomami, mimi na yeye na mwenye mtumbwi. Alfajiri tulimkuta Nassoro amekauka kama samaki wa kukausha. Baridi, macho yamefungwa, pumzi hakuna. Mwenye mtumbwi akataka tutie nanga, tuchimbe. Mimi nilikataa. Nitasema ukweli, haikuwa akili, ulikuwa uvivu: koleo lilikuwa moja na ningelishika mimi. Jua lilipofika katikati ya kichwa, Nassoro akafungua jicho moja, akaomba chikwangue, ule mkate wetu wa muhogo.

“Nilisikia yote,” alinikumbusha sasa, miaka arobaini baadaye, kama mtu anayedai. “Nilikusikia ukiuliza nani atachukua viatu vyangu.”

“Nilikuwa nauliza tu.”

Mwanahamisi alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Mama huyu amewaosha wanawake waliokufa wa mtaa mzima, na anawatazama walio hai kama watu wanaochelewa. “Ile siku mulikuwa mumelewa nyote wawili,” alisema.

“Dada, mimi sikunywaka hata siku moja.”

“Basi Papa Léon alikunywa na fungu yako.”

Alipotoka, Nassoro akanivuta shati. “Kwetu mutu anakufa asubuhi, alasiri iko chini. Unaona shida yangu? Angalia Philippe, jirani. Wao Wanande, Wakatolika, maiti inakaa matanga siku mbili, tatu. Watu wanaimba, wanacheza karata. Mutu iko na nafasi ya kufikiri tena. Nilimuuliza Philippe kama naweza kuwa Mukatolika kwa siku tatu tu.”

“Akasema nini?”

“Akasema padri hakubali kwa siku tatu.”

Halafu akanishika mkono na vile vidole vyake. “Siku moja na usiku moja, Léon. Juu ya ardhi. Kisha wafanye wanavyotaka. Wewe peke yako uliniona nikirudi. Uape.”

Niliapa. Niliapa kwa mapadri na kwa chuo, nusu kwa nusu.

Wiki hiyo hiyo alinivuta hadi dukani kwa Philippe, milango mitatu kutoka kwake, amejifunika kofia na miwani myeusi kwa sababu ya jua. Philippe ni mtu wa Butembo, mnene, mwenye subira, anauza vipuri vya baiskeli. Kama mnavyojua, mji wetu unatembea juu ya baiskeli: toleka, tunaziita, zenye kiti cha sponji nyuma cha kumbebea mtu. Kwa hiyo Philippe hana njaa.

“Nataka kengele,” Nassoro akasema.

“Iko nyingi, papa. Baiskeli yako ni ya aina gani?”

“Sina baiskeli.”

Philippe akanitazama. Mimi nikatazama minyororo iliyoning’inia. Nassoro akaanza kuzijaribu moja moja. Kring. Hapana. Kring. Hii iko na mafua. Kring. Alifumba macho, akailalia kaunta kwa ubavu wa kulia, mkono chini ya nguo, akabonyeza na kidole gumba. Kring!

“Hii inasikilika hata chini ya kitambaa,” alisema, ameridhika. “Inasikilika chini ya udongo?”

“Papa Nassoro,” Philippe akasema taratibu, “hii kengele ni nguvu, haiingie kutu. Lakini donc… unataka kuifunga wapi?”

“Kwenye mukono wangu, siku watakuja kunibeba.”

Philippe aliifunga kengele kwenye karatasi. Alituongezea skrubu mbili bure.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi. Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri, mvua ile ya kitabu changu. Nassoro alikuwa kwenye kiti anatia uzi kwenye sindano ili kushona kifungo changu. Uzi ukaingia. Akasema, “Umeona?” Halafu kichwa kikalala begani, na mkono wenye sindano ukabaki juu kama wa mtu anayeomba ruhusa darasani.

Nilimwita. Nilimtikisa. Nilimtukana mambo ambayo asingenisamehe akiwa mzima. Hakuna.

Mwanahamisi akaja na kioo. Akakiweka mbele ya midomo ya kaka yake, tukakisogelea wote wawili. Kioo kikaingia ukungu.

“Unaona!” nikaruka. “Anapumua!”

Akakipangusa na kanga, akakipeleka mbele ya ukuta, karibu na ule ufa. Kikaingia ukungu vilevile.

“Na ukuta nao unapumua, Papa Léon?”

Siku ile ya mvua hata sufuria ilikuwa na ukungu. Mwanahamisi akamfunga kaka yake kidevu kwa kitambaa, wala hakulia. Akatuma neno msikitini.

Mwalimu Mahmoudi alifika na wenzake wawili na jeneza la msikiti, lile lisilo na kifuniko, lenye miti minne ya kubebea. Ni mtu mzuri, Mahmoudi. Ameshazika watu zaidi ya mia nne na anapenda kazi iende. Aligusa shingo ya Nassoro, akafunua jicho, akatikisa kichwa.

“Mwalimu,” nikasema, “tungoje mpaka kesho.”

“Kwa sababu gani?”

“Huyu alikufaka mbele, kisha akarudi. Nilimuona na macho yangu.”

“Wapi?”

“Kwenye mutumbwi.”

Mahmoudi akamtazama Mwanahamisi. Mwanahamisi akafanya na mkono ishara ya chupa inayoinuliwa.

“Papa Léon,” Mahmoudi akasema, na alisema kwa upole, jambo lililonikasirisha zaidi, “kuchelewesha maiti ni kumutesa. Kisha adhuhuri tunaenda. Unampenda rafiki yako? Kuja utusaidie.”

Basi nilisaidia. Walimwagia maji ya baridi na mimi nikamtazama usoni, nikingoja akunje hata pua. Hakukunja. Walimpaka karafuu maiti, nami nikapiga chafya mara tatu. Yeye hata moja. Nilianza kuogopa kwamba wao wana haki na mimi ni mzee mpumbavu. Lakini kiapo ni kiapo. Siku moja na usiku mmoja vilikuwa vimenishinda; kilichobaki ni kengele. Walipomlaza juu ya sanda nikaomba kufunga fundo la katikati, heshima ya rafiki, na hakuna mtu anayeweza kukunyima hiyo. Mahmoudi alipogeuka kuchukua kitambaa cha tatu, nikatoa kengele mfukoni, nikaitia juu ya tumbo, chini ya kiganja cha kulia cha Nassoro, kidole gumba juu ya kibonyezo. Kisha nikafunga. Tumbo lilionekana limevimba kidogo, basi. Wazee wengi wanavimba.

Tulitoka. Mwanahamisi alisimama mlangoni chini ya ufa wake. “Musipite upande wa soko, iko matope,” alisema, na akarudi ndani kuendelea na sufuria za wali wa waombolezaji. Wanawake kwao hawaendi makaburini.

Sasa lazima niwaambie jambo moja juu ya watu wa Kisangani. Mtoto wa mji huu anajifunza vitu viwili kabla ya kutembea sawasawa: kuogopa mto, na kupisha toleka. Ukisikia kengele hugeuki kutazama. Mguu wenyewe unakwenda kulia, wewe unaendelea na maneno yako. Ingekuwa kugeuka kila mara, hakuna shingo ingebaki.

Tulikuwa hatujamaliza barabara ya kwanza. Watu walikuwa wengi, wanaitikia shahada kwa sauti moja, na kila baada ya hatua chache mmoja anaingia chini ya mti wa jeneza na mwingine anatoka, kwa sababu kila mtu anataka fungu lake la thawabu.

Kring.

Waliobeba mbele wakadhani iko nyuma. Waliobeba nyuma wakadhani inakuja mbele. Wote wakaenda kulia, jeneza likaenda nao, na mkia mzima wa watu ukafuata, kama nyoka anayekwepa jiwe.

“Wee toleka, hauone maiti?” mmoja akapiga kelele, bila kugeuka.

Mimi nilisimama katikati ya mvua. Kisha nikaona shimo barabarani, pale jeneza lilipotikisika. Ni shimo, nikajiambia. Kengele imetikiswa na shimo.

Kring. Kulia tena. Shimo lingine. Karibu na duka la fundi redio, kring, kring. Hapo shimo sikuliona, lakini macho yangu ni ya zamani na maji yalikuwa yamejaa kila mahali. Watu wa upande wa kulia walikuwa sasa wanatembea ukingoni mwa mfereji, wanalalamika kwamba vijana wa baiskeli hawana tena adabu, hata kwa wafu.

Nilihitaji kitu kimoja tu: jeneza lisimame. Likisimama na kengele ikalia, Nassoro yuko hai. Likisimama na kengele ikanyamaza, basi nitalia kama wenzangu na kumzika. Na makaburi hayakuwa mbali.

Nikakimbia hadi kwa Mahmoudi. “Mwalimu, tusimame kidogo.”

“Jeneza siyo taksi, Papa Léon.”

“Miguu yangu inaniuma.”

“Iache hapa. Utaikuta kwa kurudi.”

Mkono ukanigusa bega. Alikuwa Philippe, na mwavuli, anahema. “Papa Léon. Hii sauti naijua. Iko ya dukani kwangu.”

“Ni yenyewe.”

“Uliiweka?”

“Niliiweka.”

“Ndani?”

“Ndani.”

Akapiga ishara ya msalaba, mwavuli ukamtoka. “Alors ni yeye anapiga, ao ni barabara?”

“Ndilo nataka kujua. Uko na nguvu?”

“Nauza baiskeli, papa. Niko na nguvu.”

“Basi shika mti wa kushoto, mbele. Mimi nashika wa kulia. Tukifika pale kwenye kipande cha lami, tunasimama kama nguzo. Hata wakitupiga.”

Hakuna anayeweza kukataa mtu anayeomba kubeba. Tuliingia chini ya miti. Nassoro alikuwa mwepesi. Uzito ulikuwa wote ndani yangu. Tukafika kwenye lami, mita ishirini hivi za lami nzuri, tambarare kama meza. Nikamwangalia Philippe. Tukasimama.

Wa nyuma wakatugonga. “Tembea!” “Kuna nini mbele?” “Papa Léon, hii ni musiba!” Tukakaza magoti. Shahada ikakatika kidogo kidogo mpaka mwisho wa msafara, watu wakanyamaza wakingoja kujua, na nikasikia mvua tu juu ya kitambaa cha jeneza.

Kengele ilikuwa kimya.

Nikahesabu mpaka kumi. Kimya. Nikahesabu mpaka kumi tena, polepole, kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa ninachelewa. Kimya. Philippe alinitazama na macho yake yakajaa maji. Mimi nikafikiria sindano ile yenye uzi, na kifungo changu ambacho hakitashonwa tena. Nikainua mguu ili twende.

Kring. Kring kring. Kring kring kring kring!

Na watu wote wale, wa jeneza na wa mkia, wakaenda kulia kwa mara moja. Wote isipokuwa mimi na Philippe. Jeneza likageuka kama mlango. Wabebaji wa nyuma wakaingia mfereji mpaka kiunoni, miti ya nyuma ikashuka nao, na Nassoro akateleza taratibu mpaka miguu yake ikakaa ukingoni mwa barabara, kichwa juu, kama mtu aliyeegemezwa ukutani.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza siku ile, watu waligeuka kumtafuta mwenye baiskeli ili wamtie adabu. Barabara ilikuwa tupu. Kulikuwa na mvua na bata mmoja.

Kutoka ndani ya sanda sauti ikasema, “Munanipisha! Munanipisha tu! Tangu kwa fundi redio napiga kengele, na nyinyi munanipisha! Nani aliwaambia mimi napita? Simameni!”

Nimeona watu wakikimbia mara nyingi maishani, na mara nyingi nilikuwa mbele yao. Lakini kukimbia kama kule sijakuona. Mwalimu Mahmoudi, wa watu mia nne, aliacha kiatu kimoja mferejini na kingine kwenye lami. Philippe peke yake alibaki. Baadaye alisema ni imani. Mimi nilikuwa karibu: mguu wake ulikuwa umebanwa na mti wa jeneza.

Nikafungua fundo la kichwa, kisha mengine. Nassoro alitokea, pamba puani, kitambaa kidevuni, ana hasira.

“Siku moja na usiku moja, Léon. Uliapa.”

“Walinishinda.”

“Masaa tano tu! Hata chai haikupata wakati wa kupoa!”

“Ungefungua mudomo mapema.”

“Mudomo mumeufunga na kitambaa! Nimeukula huu ukingo na meno mpaka ukaachia. Na kidole kilikuwa cha kwanza kuamka, kila nikipiga naona nakwenda kulia. Mulisimama, nikangoja munifungue, na nyinyi munataka kwenda tena!”

Philippe alivuta mguu wake, akainama, akaitazama kengele mkononi mwa Nassoro, akaipangusa tone la maji. “Nilisema haiingie kutu,” alisema.

Watu walianza kurudi, mmoja mmoja, nyuma ya miti na kuta. Wakati huo toleka wa kweli alikuja kutoka nyuma, kijana amejifunika mfuko wa plastiki, akapiga kengele yake. Hakuna aliyempisha. Wote waligeuka kwanza, wakamtazama vizuri, yeye na magurudumu yote mawili. Nikamsimamisha. Nassoro akapanda nyuma katika sanda yake. Kijana aligeuka kumtazama. Alimpa mzee kipande cha plastiki cha kichwani kwa ajili ya mvua, akakanyaga pedali.

Nilifika nyumbani nyuma yao, nimeshika tumbo kwa kukimbia. Nassoro alikuwa amegonga mlango wa babu. Mwanahamisi alifungua, kijiko kikubwa mkononi. Mbele yake alisimama kaka yake, mweupe kutoka kichwani mpaka miguuni, anatiririka maji, ana pamba puani. Katika kitabu changu nafikiri mtu hapo angeanguka na nyumba ingemwangukia juu.

Mwanahamisi alishika ukuta, vidole vyake vikaingia katika ufa. Alimtazama toka juu mpaka chini.

“Umechafua sanda,” alisema.

“Kuna mufereji, dada.”

“Ingia. Mvua inaingia pamoja na wewe.”

Nassoro aliingia, akala wali wa msiba wake sahani mbili, akauliza kwa nini nyama ni kidogo, kama kifo chake hakikustahili nyama. Mimi nilibaki nje nikikamua shati. Na kupitia ule ufa nikamsikia Mwanahamisi jikoni. Alikuwa amefunga mlango, na analia, mara ya kwanza siku ile, kwa sauti ya mtoto.

Baada ya hapo Nassoro alifungua madirisha. Alishona kifungo changu. Alinunua simenti pia, akaziba ufa wote mwenyewe, isipokuwa kipande cha upana wa kiganja juu ya mlango. Kwa hewa, alisema. Aliishi miezi minane, akawa mtu wa kutembea, na kila alipopita watu walimuuliza kama anapita kweli au wasimame.

Alikufa mwezi wa sita, asubuhi yenye jua, katika kiti kile kile. Mwanahamisi alileta kioo. Alikitazama, akakipangusa, akakitazama, akakipangusa, mpaka kanga yake ikalainika. Safari hii hakukipeleka ukutani.

Mwalimu Mahmoudi alipofika, Mwanahamisi alikuwa amekaa mlangoni, miguu imenyooshwa, amefunga njia.

“Siku moja na usiku moja,” alisema.

“Mama Mwanahamisi, unajua dini yetu.”

“Naijua. Na wewe unajua viatu vyako ulivikuta wapi.”

Mahmoudi alikaa. Tulikaa wote, siku moja na usiku mmoja, Philippe akaleta karata na hakuna aliyemfukuza. Nassoro hakurudi. Asubuhi ya pili dada yake alinipa kengele, ameipaka mafuta. “Fanya kazi yako,” alisema. “Na kidole kikae vizuri.”

Barabara ilikuwa na mashimo yake yote. Kila shimo, kring. Na kila kring, watu wote walisimama. Hakuna mguu uliokwenda kulia. Mahmoudi anainama, anasema, “Papa Nassoro?” Tunangoja. Tunasikia mto. Halafu anasema, “Bon, twende,” na tunakwenda mpaka shimo lingine. Njia ya nusu saa ilituchukua asubuhi nzima, na sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika.

Kaburini, Mahmoudi alipomlaza ubavu wa kulia, mkono wake ulipita juu ya ule uvimbe wa tumbo. Akanitazama. Akatazama mawingu. Akasema tuweke mbao.

Mimi bado niko katika nyumba ile. Mwanahamisi anasema nitaondoka kesho, na kila jioni ananiuliza kesho nitakula nini. Nikitoka kwa Philippe nyakati fulani nasikia kengele nyuma yangu, na watu wote barabarani wanakwenda kulia bila kukata maneno yao. Mimi siendi. Nageuka kwanza, natazama.

Mara nyingi ni baiskeli kweli.